Kamera ya mkanda ya kuzurura nayo: fungua mgongo kabla hujatoa pesa

Swali ni lilelile wiki tatu mfululizo: "Nataka kamera ya mkanda ya kuzurura nayo mtaani, ninunue ipi?" Nimelikwepa kwa sababu linanikumbusha aibu yangu.

Mwaka jana nilinunua kamera ya Kijapani ya miaka ya 1970 kwa muuzaji wa mtandaoni. Laki mbili na nusu, inang'aa kama sufuria la harusi. Jumamosi nikashuka Kariakoo na mkanda wa picha 36, nikaanza kutembea sina ninachotafuta. Walioonja wanajua utamu wake: picha zako ni za kuhesabu, hufyatui ovyo kama kwenye simu, basi macho ndiyo yanachapa kazi. Nikamwona fundi cherehani, wale wa kutembea, mashine begani, mkasi unalia mkononi, na suruali aliyoivaa mwenyewe imechanika gotini. Mbele kidogo paka kalala kwenye sahani ya mizani ya muuza dagaa, mshale unasoma kilo tatu kasoro. Njia hiyo napita kila siku.

Picha ziliposafishwa, kila moja ilikuwa na mchirizi mwekundu wa machungwa, kana kwamba mtu kaimwagia soda. Fundi cherehani wangu hana kichwa. Nikaipeleka kamera kwa mzee mmoja anayezitengeneza. Lenzi hakuigusa. Alifungua mlango wa nyuma, akachukua njiti ya kiberiti, akaipitisha kwenye mfereji ambamo mlango unakaa. Njiti ikatoka na kitu cheusi kinachovutika kama ulimbo.

"Dada, hujanunua kamera. Umenunua chandarua."

Ile nta nyeusi zamani ilikuwa sponji. Kazi yake ni kuziba mwanga usipenye pembeni ya mlango. Sponji hizo huoza hata kamera ikikaa kabatini bila kuguswa, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani usitegemee muujiza. Kwa hiyo mambo ya ukali wa lenzi, uzito na muonekano sitayagusa, yamejaa kila mahali. Mimi nakwambia: fungua mgongo, bonyeza mfereji kwa njiti, kisha kagua upande wa bawaba. Ikinata au ikitoa unga mweusi, punguza bei papo hapo. Dawa yake ni spiriti, pamba na subira, halafu unalaza uzi mweusi wa kufumia ndani ya mfereji na kubandika kipande cha mahameli kwenye bawaba. Uzi wenyewe haufiki bei ya chipsi.

Sasa chaguo. Mimi ni mtu wa Olympus na sijifichi.

Namba moja kwangu ni Olympus Trip 35. Ilitengenezwa mpaka 1984, kwa mamilioni, ndiyo maana bado zipo. Haitaki betri: ile pete ya vioo vidogo kuzunguka lenzi ndiyo inayopima mwanga. Mwanga ukiwa hafifu inakutolea ulimi mwekundu kwenye dirisha la kuchungulia na kukataa kufyatua. Napenda kamera yenye msimamo. Ukienda kununua, iweke kwenye A, yaani ijipimie mwanga yenyewe, ziba lenzi na ile pete kwa kiganja, bonyeza: lazima igome. Elekeza juani: lazima ikubali. Ikigoma hata juani, jicho la kupima mwanga limekufa, iache. Sponji zake nazo zimeoza, usidanganyike, ila zangu nilizibadilisha mwenyewe jikoni mchana mmoja.

Ya pili, Olympus XA ya 1979. Inaingia mfuko wa dera, mlango wake unateleza kufunika lenzi, na haina makelele. Betri zikiisha lakini, umebeba jiwe.

Pentax K1000 (1976 hadi 1997) naiweka ya tatu, kwa shingo upande maana wengi mnaiabudu. Betri inahudumia kipimo cha mwanga tu, ikifa unaendelea kupiga. Kipimo hicho hakina swichi, hivyo ukimaliza rudisha kifuniko cha lenzi, la sivyo betri inaliwa. Ina sponji nyingine ndani, pale kioo cha ndani kinapojigonga juu ukifyatua, nayo watu huisahau. Na mlio wake! Yule paka angekimbia.

Ukitaka mpya kabisa, Pentax 17 ilitoka 2024. Inagawa kila picha nusu, mkanda wa 36 unakupa 72. Ilianza kwa takriban dola 500. Mwenye nazo anunue.

Za plastiki za kutupa: harusi na pwani, basi.

Wauzaji sasa. Kamera iliyokuwa ikikusanya vumbi juu ya kabati la babu, leo imeandikwa "vintage" na bei imezidi kodi ya chumba. Ukiuliza bei, "njoo inboksi". Ukifika inboksi, "upo wapi dada?", ili akujue mfuko wako kwanza. Anapiga picha lenzi, nembo, mkanda wa shingoni, hata boksi. Juzi nilimwomba mmoja anitumie picha ya mgongo ukiwa wazi. Akajibu: "Ya nyuma ya nini dada? Kwani wewe unapigia nyuma?"