Glavu za kugusia simu: nimezivaa misimu miwili Kilimanjaro

Mgeni akifika kilele cha Uhuru anataka picha kabla hata ya maji. Ametoka kambi ya Barafu usiku wa manane, amepanda zaidi ya mita 1,200 gizani, sasa yuko mita 5,895 juu ya bahari, mbele ya lile bango. Anakukabidhi simu huku meno yanagongana: "Piga nyingi!" Hapo ndipo mwongozaji huvua glavu, na mimi nimevua kwa miaka mingi. Alfajiri kule juu nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na upepo ukivuma hata hizo unazitamani. Ukimaliza picha za wageni wanne vidole si vyako tena. Unashika zipu, husikii kitu.

Glavu za kwanza niliachiwa na mgeni mwisho wa safari, pamoja na soksi na nusu pakiti ya karanga. Nyeusi, nyembamba, na kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada kuna doa la kijivu. Nilipoona zinafaa nikanunua jozi ya pili Moshi mjini, Sh 18,000.

Siri iko kwenye lile doa. Kioo cha simu za siku hizi hakijali unakibonyeza kwa nguvu kiasi gani, kinahisi chaji ndogo ya umeme kupitia mwili wako. Sufu na pamba kavu huikata njia hiyo, kwa hiyo kwa glavu ya kawaida utabonyeza mpaka jua lichomoze. Doa limefumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme, nyingi zina fedha, shaba au kaboni. (Pua nayo inapitisha. Ukimwona mpagazi anabusu simu pale Barafu usidhani kamkumbuka mkewe, anapokea simu.)

Kwa hiyo saizi ni muhimu kuliko rangi na jina. Zile za zawadi zilikuwa kubwa kidogo, ncha ya kidole inabaki tupu, na kioo hakisikii mpaka niivute glavu nyuma. Hizi za kununua nilichagua zinazobana.

Kupokea simu, kufungua kamera, kusogeza ramani: hakuna shida. Kuandika ndiyo kazi. Niliwahi kutaka kuwaandikia wa chini kwamba tumefika salama, ikaondoka "tunefils sakana", wakanipigia kwa hofu. Alama ya kidole sahau kabisa, weka namba za siri kabla hujatoka kambini. Na niseme ukweli ambao muuzaji hatakuambia: kama unataka picha tu, huzihitaji sana. Fungua kamera mapema, halafu piga kwa kitufe cha sauti cha pembeni. Kwenye simu nyingi kinapiga picha, na hakiulizi umevaa glavu gani.

Joto? Peke yake hazina. Nilijaribu kupanda nazo tu kutoka Barafu, na kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, nilikuwa nimeficha mikono kwapani kama kuku aliyenyeshewa. Sasa nazivaa ndani, juu yake navaa zile kubwa nene zilizofungwa kamba kwenye kifundo cha mkono, maana upepo wa kule ukichukua glavu hairudi. Nikihitaji vidole navua ya juu, inaning'inia, nafanya kazi, narudisha.

Na kumbe kazi yenyewe si simu. Usiku wa kileleni namfunga mgeni zipu ya koti, nabadilisha betri za taa ya kichwani, namfungulia chupa ambayo mfuniko umeganda, nambana kidoleni kile kipimo cha oksijeni. Yeye lazima avue glavu, na kidole chake kikiwa cha baridi sana kipimo kinasumbua, hivyo nakisugua kwanza. Zamani tulikuwa tunavua wote wawili. Sasa ninayoivua ni ile glavu ya juu tu, na ngozi yangu haikutani na upepo. Kwa hilo peke yake Sh 18,000 zimerudi.

Mvua ni habari nyingine. Siku ya kwanza msituni juu ya lango la Machame zililowa, na simu ikaanza kujifungulia mambo yenyewe kwa matone. Usiku nililala nazo ndani ya begi la kulalia, asubuhi zilikuwa kavu, begi lina harufu.

Usisahau betri pia. Mgeni mmoja alifika Stella Point simu ikiwa na asilimia 60, akaitoa mfuko wa nje, ikazima hapo hapo. Baridi huidhoofisha betri, na glavu haiwezi kuamsha simu iliyokufa. Mimi yangu inakaa mfuko wa ndani, karibu na kifua, inatoka kwa kazi na kurudi.

Zile za mgeni bado zinafanya kazi pamoja na ukubwa wake. Za dukani, kidole gumba cha kulia kimekufa baada ya msimu mmoja. Mpini wa fimbo umesugua doa mpaka uzi wa chini unaonekana. Natumia cha shahada.