Sonata za Mozart za kinanda na fidla: rekodi nilizozipima, na ipi ya kuanzia

Ukizitafuta sonata hizi (vipande vya muziki wa vyombo, vyenye sehemu kadhaa) mtandaoni utazikuta zimeandikwa "sonata za fidla", jina la mpiga fidla likitangulia na picha yake ikijaza jalada. Mwaka 1778, K. 301 hadi K. 306 (K. ni namba kwenye orodha ya kazi za Mozart) zilipochapishwa Paris, jalada lilisema vingine: sonata za hapsikodi (kinanda cha kale cha kudonoa nyuzi) au fotepiano (piano ya wakati huo), zikisindikizwa na fidla. Mwenye nyumba ni kinanda. Kwa hiyo kila rekodi niliyoisikiliza nimeipima kwa swali moja: mpiga fidla anajua lini ni zamu yake kuimba na lini ni zamu yake kuitikia? Asipojua hilo, hata sauti yake iwe tamu namna gani, nusu ya muziki haisikiki.

Aliyekulia kwenye taarab anaweza kutatizika mwanzoni, maana kule fidla hubeba wimbo pamoja na ganuni na udi, na humjibu mwimbaji bila kujificha. Kwa Mozart, fidla inaweza kukaa kurasa nzima ikitia noti fupi chini ya mkono wa kulia wa kinanda. Noti hizo zikikosekana, muziki unakonda. Zikisukumwa mbele, zinafunika wimbo wenyewe.

Mahali pa kwanza pa kupimia ni mwanzo wa K. 301, ya ufunguo wa G meja. Fidla inaanza na wimbo, kinanda kinasindikiza. Halafu vinabadilishana, wimbo unahamia kwenye kinanda na fidla inachukua usindikizaji. Sikiliza pale pa kubadilishana. Kwenye rekodi nzuri utahisi fidla imepiga hatua moja nyuma bila kutoka chumbani. Kwenye rekodi mbaya, na ziko nyingi, fidla inabaki na ukubwa ule ule, kwa sababu mhandisi ameiwekea maikrofoni ya karibu na piano ameiweka mbali. Kosa hilo mpigaji hawezi kulirekebisha hata akipiga kwa unyenyekevu wote.

Mahali pa pili ni mwanzo wa K. 304, ya E maina. Hapa vyombo viwili vinapiga wimbo mmoja kwa pamoja, kwa sauti ya chini, bila kodi yoyote (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya kuvisitiri. Wa taarab watautambua mtindo huu wa kwenda sambamba. Ukiweza kusema mara moja "hiyo ni fidla, na kule nyuma kuna piano", kuna kitu hakijakaa sawa. Inatakiwa isikike sauti moja yenye rangi mbili. Vibrato nene, yaani mtikiso mpana wa kidole kwenye uzi, ndiyo inayoharibu zaidi hapa, kwa sababu noti ya piano haitikisiki, na fidla ikitikisika sana sauti hizo mbili haziungani.

Pa tatu ni K. 379, kwenye sehemu ya vibadiliko, yaani wimbo mmoja unaorudiwa kwa sura tofauti. Kibadiliko cha kwanza ni cha kinanda peke yake. Baadaye kinafika kimoja cha polepole, ambapo kinanda kinaimba kwa mapambo mengi huku fidla ikidonolewa nyuzi kwa kidole. Midonoo hiyo inapaswa kusikika kama matone, yakiwa mepesi na ya mbali kidogo. Hii ndiyo sonata inayoaminika kuwa Mozart alimsimulia baba yake kwenye barua ya tarehe 8 Aprili 1781: aliitunga usiku, kati ya saa 5 na saa 6, na ili awahi aliandika usindikizaji tu, yaani sehemu ya fidla, ya kwake ya kinanda akabaki nayo kichwani. Neno "usindikizaji" ni lake mwenyewe.

Sasa rekodi zenyewe.

Ninayoirudia kuliko zote ni ya Arthur Grumiaux na Clara Haskil, iliyorekodiwa na kampuni ya Philips katika miaka ya 1950. Si seti kamili: utapata K. 301, 304, 376, 378, 454 na 526. Haskil aligusa piano kwa wepesi ambao sijausikia kwa mwingine; mkono wa kushoto unatembea bila kukanyaga, na kila noti ya mkono wa kulia ina mwanzo na mwisho wake. Grumiaux ana sauti safi, vibrato yake ni finyu na ya haraka, na akimaliza zamu yake anaondoka kweli. Nadhani siri ni kwamba kila mmoja alikijua chombo cha mwenzake kwa vidole. Haskil alijifunza fidla utotoni, na Grumiaux alikuwa mpiga piano wa kutosha kurekodi K. 481 akipiga sehemu zote mbili mwenyewe. Rekodi hiyo ya mtu mmoja inastahili kusikilizwa mara moja, lakini utaona kinachokosekana: hakuna anayemshangaza mwenzake.

Usitegemee sauti ya kisasa. Kuna mvumo mdogo wa mkanda, upana kati ya spika ni mdogo, na noti za chini za piano zimefifia. Usijaribu kuondoa mvumo kwa kupunguza sauti za juu kwenye programu, kwa sababu utaondoa pia ukingo wa upinde kwenye uzi, na sauti ya Grumiaux itakuwa kama imefunikwa kwa sufu. Ongeza sauti kidogo tu. Baada ya dakika 5 sikio linauzoea mvumo.

Kwa anayetaka sonata zote, pamoja na zile za utotoni za kuanzia K. 6, chaguo langu la vyombo vya kale ni Rachel Podger na Gary Cooper wa kampuni ya Channel Classics, juzuu 8. Hapa ndipo suala la chombo linapobadilisha kila kitu. Fotepiano aliyokuwa nayo Mozart Vienna, kazi ya Anton Walter, ina oktavu 5 tu, vitufe 61, mwili wa mbao bila fremu ya chuma, nyundo ndogo zilizovikwa ngozi na nyuzi nyembamba. Badala ya pedali za miguu kuna wenzo wa kusukumwa kwa goti. Piano ya ukumbini ya leo ina vitufe 88, fremu ya chuma iliyobeba tani kadhaa za mvuto wa nyuzi, na nyundo nzito za sufu. Noti ya fotepiano inazaliwa kwa mlio mkali na kufa haraka. Ndiyo maana Mozart aliweza kujaza mkono wa kushoto kwa noti za harakaharaka bila kuzua wingu, na ndiyo maana alimpa mpiga fidla noti ndefu katikati: fidla inashikilia kile ambacho kinanda hakiwezi kukishikilia. Ukiisikia hivyo mara moja, unaelewa kwa nini fidla iliwekwa pale.

Podger na Cooper wanapamba kwa uhuru wanaporudia, na wanaachia mapumziko madogo kabla ya wimbo kurejea. Baadhi ya wasikilizaji wataona ni mengi. Mimi nayapenda kwenye sonata nyepesi, kwenye K. 304 ningependa wangenyamaza zaidi.

Isabelle Faust na Alexander Melnikov, wa Harmonia Mundi, nao wanatumia fotepiano, nakala ya chombo cha Walter iliyotengenezwa na Christoph Kern. Juzuu ya kwanza ya mwaka 2018 ina K. 304, 306 na 526. Faust anapiga karibu bila vibrato, na mwanzo wa K. 304 kwake unatisha kidogo: sauti moja, kavu, kama mtu anayesema jambo kwa mara ya kwanza. Kipimo changu cha pili hakuna aliyekipita vizuri kuliko hawa. Sehemu ya mwisho ya K. 526 inakwenda mbio sana, na kila noti inasikika kwa sababu fotepiano haibaki na mwangwi. Sauti zao za chini ni za chini kabisa, kwa hiyo usiisikilize kwenye daladala. Utaongeza sauti, kisha itakuja kodi kubwa ikuumize masikio.

Kwa piano ya kisasa, seti kamili ninayoipendekeza ni ya Alina Ibragimova na Cédric Tiberghien wa Hyperion, iliyoanza kutoka mwaka 2016. Tiberghien anapunguza pedali hadi karibu hakuna, na mkono wake wa kushoto unabaki mkavu na wazi. Ibragimova ana ujasiri wa kupiga kwa kunong'ona. Zamani rekodi za Hyperion hazikupatikana kwenye programu za kusikiliza mtandaoni. Ziliingia kuanzia mwaka 2023, kwa hiyo kama uliitafuta ukaikosa, itafute tena.

Szymon Goldberg na Radu Lupu, wa Decca, ni wa katikati ya miaka ya 1970: sonata za utu uzima peke yake, piano laini, fidla ya mzee mwenye hekima isiyopandisha sauti. Kiimbo cha Goldberg (usahihi wa noti zake) si safi kila mahali, lakini mwenendo wa sentensi zake ni darasa kwa wanafunzi wa fidla. Itzhak Perlman na Daniel Barenboim wa Deutsche Grammophon wana sauti kubwa ya ukumbi, kwa K. 454 na K. 481 inafaa sana, kwa zile za Paris naona nguo imezidi mwili. Anayetaka CD moja tu ya piano ya kisasa atazame Mitsuko Uchida na Mark Steinberg (K. 303, 304, 377, 526). Vibadiliko vya D maina kwenye K. 377 vinatosha kulipia rekodi nzima. Hilary Hahn na Natalie Zhu (K. 301, 304, 376, 526) wana usafi wa noti usio na mfano, na kwa mwanafunzi anayetaka kujua noti sahihi ni zipi, ndiyo rekodi ya kufunguliwa pembeni ya karatasi.

Nimesema kinanda ndicho mwenye nyumba, lakini kipimo hicho kinalegea ukifika K. 454. Hiyo iliandikwa kwa ajili ya Regina Strinasacchi, mpiga fidla wa Italia, wakaipiga yeye na Mozart Vienna tarehe 29 Aprili 1784 mbele ya Kaizari Joseph II. Sehemu ya fidla ilikuwa tayari, ya kinanda ilikuwa karibu haijaandikwa. Kwenye mswada, noti za kinanda zimebanwa kwa wino mwingine ndani ya nafasi iliyoachwa. Hapa vyombo ni ndugu wa kulingana, na rekodi yenye fidla ya woga inakuwa na kasoro kama ile yenye fidla ya kiburi. Grumiaux anajua tofauti hiyo. Anabadilika kabisa.

Kuhusu namba, tumia ya K. peke yake. "Sonata namba 21" inategemea kama mchapishaji amehesabu zile za utotoni au hakuzihesabu. Ukiona namba mbili, kama K. 304/300c, ni sonata ile ile; ya pili ilitokana na marekebisho ya baadaye ya orodha. K. 55 hadi 60 ziache: hazihesabiwi tena kuwa za Mozart.

Kwenye simu, zima mambo mawili kwenye mipangilio ya programu. La kwanza ni usawazishaji wa sauti, maana unaweza kuipandisha sehemu ya polepole ikalingana na ya haraka. La pili ni ule uunganishaji unaopandanisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kwenye K. 379, Adagio (sehemu ya polepole) inaishia hewani na Allegro (ya haraka) inaidaka, na hapo hapatakiwi kuguswa. Spika ya simu haifai kabisa. C ya kati ni karibu herzi 262, na mkono wa kushoto uko chini ya hapo, mahali ambapo spika ndogo karibu haitoi kitu. Utabaki na fidla na nusu ya kinanda, halafu utamlaumu mpigaji. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Kwa wa bando: ubora wa kbps 320 unakula karibu MB 144 kwa saa, kbps 96 karibu MB 43, na ubora kamili wa CD kati ya MB 250 na 400. Rekodi ya Grumiaux na Haskil haipotezi mengi ikishushwa. Fotepiano inapoteza: ule mlio mkali wa mwanzo wa noti unageuka mchanga. Pakua usiku kwa bando la bei nafuu, usikilize bila mtandao.

Ukilinganisha dakika za rekodi mbili ukakuta sehemu moja imepishana kwa dakika 2 au 3, mara nyingi ni marudio yameachwa, si kasi. Na ukitaka kupiga fidla yako pamoja na rekodi za vyombo vya kale, A yao, noti ya kulinganishia vyombo, mara nyingi ni herzi 430 badala ya 440, chini kwa karibu senti 40 (nusu toni ni senti 100), yaani pungufu kidogo ya nusu ya nusu toni. Legeza nyuzi zote nne kwa usawa na uzirudie baada ya dakika 10, kwa sababu zitakuwa zimehama. Mwenye kinanda cha umeme aingie kwenye kipengele cha kurekebisha toni aandike 430.

Mwenye pesa ya rekodi moja achukue Grumiaux na Haskil. Mwenye pesa ya mbili aongeze juzuu ya kwanza ya Faust na Melnikov, aziweke K. 304 hizo mbili zifuatane, ya Haskil ikitangulia.