Bodi ipi uweke kwenye mashine ya gemu ya nyumbani? Pi Zero 2 W, Pi 4, Pi 5 na boksi la ofisini

Mambo vipi wadau, karibuni tena mezani. Leo nina bodi tatu na boksi moja. Huyu mdogo kabisa ni Raspberry Pi Zero 2 W, yaani kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo. Huyu Pi 4, huyu Pi 5, na hiki kiboksi cheusi ni Dell Wyse 5070, zile kompyuta ndogo zinazofungwa maofisini na baadaye zinauzwa kwa jumla zikishachakaa machoni mwa mhasibu.

Mnaniuliza sana: nataka kujenga mashine ya gemu ya kusimama, ya joistiki na mabatani, ndani niweke kompyuta gani isiyokula umeme? Na hapana, sizungumzii dubwi. Hakuna sarafu inayoingia wala hela inayotoka. Nasema hivyo kwa sababu fundi seremala wangu alipoona mchoro wa kabati, swali lake la kwanza lilikuwa kama nina leseni.

Mwenye haraka nampa jibu sasa hivi aendelee na shughuli zake. Kwa watu wengi ni Pi 4 ya GB 2. Anayetaka gemu nzito asipoteze hela kwenye Pi 5, aende moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo ya Intel. Waliobaki tukae.

Kosa linaanzia hapa: watu wanachagua bodi kabla ya kuchagua gemu. Street Fighter II ya 1991 ilikimbia kwenye bodi ya Capcom inayoitwa CPS-1, prosesa yake Motorola 68000 ya megahezi 10. Neo Geo ya SNK, kwao Metal Slug na King of Fighters, ilitumia 68000 hiyohiyo kwa megahezi 12. Sasa hii Zero 2 W ina kori nne, yaani prosesa nne ndani ya chipu moja, za gigahezi 1. Ndiyo, emuleta, ile programu inayoiga mashine ya zamani, inakula nguvu nyingi kuliko mashine yenyewe, kwa sababu inaigiza prosesa, chipu ya sauti na chipu ya picha zote kwa pamoja, takriban mara 60 kila sekunde. Lakini hata ukiihesabia gharama hiyo, gemu za 2D za enzi zile zinapita bila jasho. Na Tekken 3 ya PlayStation, ile iliyotumaliza hela za shule vibandani? Kuanzia Pi 3 kwenda juu inacheza vizuri tu.

Kwa hiyo kwa nini nisiseme chukua Zero 2 W, nafuu, tumalize? Igeuze uone. Tundu la USB la kutumia ni moja, tena lile dogo la micro. Mashine ya watu wawili inataka vibao viwili vya kuunganisha mabatani, maana yake lazima hab, kile kigawanyaji cha USB. HDMI yake ni ile mini, unatafuta adapta. Tundu la spika hakuna. RAM ni MB 512 na huwezi kuongeza. Ukimaliza kununua hab, adapta na kadi ya sauti ya USB, ule unafuu umeshaondoka. Hii iweke kwenye kile kimashine cha mkononi, si kwenye kabati.

Pi 4 ilitoka 2019 na hapa ndipo mambo yanapokaa sawa. USB nne za kawaida. Tundu la sauti la milimita 3.5 lipo, unachomeka amplifaya ndogo, umemaliza. HDMI zake ni micro, hilo linakera, nunua waya siku hiyohiyo ya bodi. Kuhusu RAM, usiuziwe GB 8. Gemu ya 1994 haijui hata ifanye nini nazo. GB 2 zinatosha na chenji inabaki ya kununua mabatani mazuri.

Nguvu ya ziada ya Pi 4 juu ya Zero utaihisi kwenye kidole. Fremu moja, yaani picha moja ya skrini, kwa kasi ya 60 kwa sekunde ni milisekunde 16 na ushee, na gemu nyingi zenyewe zina fremu moja au zaidi za kuchelewa kati ya kubonyeza na ngumi kutoka. Ndani ya RetroArch, programu inayoendesha emuleta nyingi, kuna mpangilio unaoitwa run-ahead: emuleta inakimbia mbele fremu moja kimyakimya, inaona kitakachotokea, halafu inakuonyesha matokeo mapema. Ni kazi karibu maradufu kwa prosesa. Zero inaanza kusuasua, Pi 4 kwa gemu za CPS-1 na Neo Geo inaibeba. Ukiwa mtu wa gemu za kupigana, hiki ndicho cha kulipia, si idadi ya gemu kwenye menyu.

Na hapo nisimame kidogo kwenye kori. Kuna bodi za Orange Pi 5 zenye chipu ya RK3588, kori nane, na wauzaji wanaipaza hiyo nane kweli. Emuleta nyingi kazi yake kubwa inalala kwenye kori moja au mbili. Angalia kori moja ina kasi gani. RK3588 ina nguvu, siibezi, nne kati ya hizo nane ni Cortex-A76, familia ileile iliyo kwenye Pi 5. Shida ni upande wa programu: draiva za picha na mfumo mara nyingi unategemea kilichotolewa na mtengenezaji, na ukikwama saa tano usiku, watu waliokwama kabla yako ni wachache. Tena ile Orange Pi 5 ya kawaida haina Wi-Fi ndani. Kama unapenda kuchokonoa, poa. Kama unataka watoto wacheze Jumamosi, achana nayo.

Haya, Pi 5. Ya 2023, gigahezi 2.4, ina batani ya kuzimia, kitu ambacho Pi 4 haina. Gemu za Sega Naomi, mashine ya vibandani ya gemu za 3D, zinatembea raha kuliko kwenye Pi 4. Lakini wameondoa tundu la sauti. Inataka chaja ya volti 5 ampea 5, na si kila duka lina chaja hiyo. Ukiipa ya ampea 3 itawaka, ila itabana umeme wa USB hadi miliampea 600 kwa matundu yote, na huko ndiko umechomeka mabatani na diski. Inapata moto zaidi, kwa hiyo feni. Jumlisha feni, chaja, kadi ya sauti, na bado gemu za PS2 (PlayStation 2) haizibebi kwa uhakika.

Ndiyo maana nimeleta hiki cha Dell. Hakina feni kabisa. Kina USB za kumwaga, tundu la sauti, na ndani unaweka SSD ya M.2, ila iwe ya SATA. Picha inatoka kwa DisplayPort, kwa hiyo adapta kama monita yako ni HDMI tu. Ndani kuna Celeron J4105 au Pentium J5005, inategemea umepata ipi. Batocera, mfumo mzima uliojaa emuleta tayari, unaiweka kwenye flashi, unawasha, unacheza. Hii pia sio ya PS2. Ukitaka PS2 kweli, tafuta kompyuta ndogo yenye Intel N100. Gemu nyingi inazimudu kwa ukubwa wa picha wa asili.

Umeme sasa. Chukulia bodi wati 5, monita 20, amplifaya 5. Ukicheza saa tatu kila siku kwa mwezi, ni yuniti 2.7 za LUKU. Monita ndiyo inayokula, kwa hiyo ukitaka kubana, anzia hapo.

Kinachoua mashine hizi kwetu ni umeme kukatika bodi ikiwa inaandika kwenye memori kadi. RetroPie, kifurushi kingine cha emuleta, inakaa juu ya mfumo wa kawaida unaoandikwa muda wote, na kadi inaweza kuharibika mfumo ukagoma kuwaka. Batocera mfumo wake umefungwa usiandikwe, data zako ziko pembeni, kwa hiyo inavumilia zaidi. Mimi kwa sababu hiyo tu naichagua.

Gemu ikigoma kufunguka, usilaumu bodi haraka. Faili za ROM, yaani nakala za gemu zenyewe, zinafuata toleo la emuleta: MAME 2003, emuleta ya mashine za vibandani, inataka seti ya 0.78, ukiipa ya juzi inakataa. Na kama hutaki kesi ya hakimiliki wakati wa kujaribu, tovuti ya mradi wa MAME wenyewe inatoa chache kihalali, mfano Gridlee.

Kwa wenye Pi, kabla hujakaza skrubu za mlango wa nyuma: funga kabati, acha gemu ijichezee saa mbili mchana wa joto. Pi 4 ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza mwendo. Halafu fungua sehemu ya amri uandike vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, kaza skrubu. Ikijibu 0x50000, tangu uiwashe umeme uliwahi kushuka na bodi ikapunguza mwendo. Usikimbilie duka la bodi. Badilisha waya wa chaja kwanza, ule mwembamba uliokuja na simu, halafu rudia.