Mbwa jitu kwa nyumba ya Dar: yupi umnunue, yupi umwache

Bei ya mtoto wa mbwa isikutishe, hiyo ndiyo ndogo. Mbwa jitu anakula hela kwa kilo. Dawa nyingi za minyoo ni kidonge kimoja kwa kila kilo 10, kwa hiyo wa kilo 70 anameza saba wakati koko wa jirani kimoja na nusu kinamtosha. Dawa ya usingizi wa upasuaji nayo inapimwa kwa uzito. Chanjo, kama ya kichaa cha mbwa, ndizo hazijali ukubwa. Sufuria ya ugali na dagaa, tusiiongelee.

Namba moja kwangu ni Boerboel wa Afrika Kusini. Manyoya mafupi, joto letu analimudu kuliko wenzake, na ulinzi anaujua. Ugonjwa wake ni nyonga. Kabla hujalipa, omba kuwaona wazazi wakiinuka kutoka chini. Anayejivuta kiuno, funga pochi. Ukishamchukua, usimnenepeshe utotoni wala kumwongezea unga wa mifupa ukidhani unamkuza. Hapo ndipo viungo vinapoharibika.

Namba mbili ni Great Dane, mpole hadi anakera kama ulitaka mlinzi. Wengi huishi miaka 7 hadi 10 tu. Hatari yake kubwa ni tumbo kujaa hewa na kujisokota. Utamwona ametulia baada ya kula, ghafla anazunguka, mate yanamchuruzika, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, ubavu umevimba. Hapo ni upasuaji ndani ya saa chache, usisubiri kupambazuke. Basi kabla ya kumnunua, tafuta daktari wa mifugo anayepasua usiku, na panga usafiri: kilo 60 zilizolala hazipakiwi kwenye bajaji. Daktari anaweza pia kulishonea tumbo ubavuni mapema, siku ya kumfunga uzazi. Chakula kigawe mara mbili au tatu kwa siku.

(Kama shida yako ni wezi tu, chotara wa German Shepherd anatosha na ni nafuu.)

Wa mwisho ni Saint Bernard, mbwa wa theluji za Alps. Februari ya Dar, na unyevu ule, atahema kutwa. Kiyoyozi kitakula Luku, na umeme ukikatika mchana yuko hatarini. Muuzaji akisema "atazoea", nenda umwone wake saa nane mchana.