Dadu ya Pande 5 na ya Pande 7: Tuziamini?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nimewaletea seti ya dadu saba. Aliyezoea dadu ya ludo akiziona atadhani ni shanga. Ngoja nisogeze kamera. Hii ina pande 3, hii 5, hii 7, kisha 14, 16, 24, na hili bonge lina pande 30, kila mmoja umekatwa kama uru ya kwenye karata.

Wanaozihitaji hasa ni wachezaji wa Dungeon Crawl Classics, mchezo wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 2012. Humo mpiganaji ana dadu yake ya ushujaa. Ngazi ya kwanza anarusha ya pande 3, ya pili pande 4, ya tatu pande 5, hadi ya tano anapokabidhiwa ya pande 7. Dadu ikitoa 3 au zaidi, na pigo likimpata adui, anatimiza na lile alilokusudia: kumpokonya upanga, kumbwaga chini. Mwanzoni ana nafasi moja kati ya tatu, akifika kwenye pande 5 ana tatu kati ya tano. Yaani unakua na unakuhisi kukua huko kiganjani. Hapo ndipo mchezo huu uliponiteka.

Sasa itazameni hii ya 5. Pembetatu huku, pembetatu kule, ubavuni mistatili mitatu. Ikilala ubavu, juu kinabaki ukingo, na namba unaisoma hapo ukingoni. Pande zake hazifanani, kwa hiyo haki yake iko kwenye unene: ikiwa nyembamba italalia pembetatu mno, ikiwa ndefu itapenda ubavu. Hata meza ina neno. Sikilizeni… kwenye mbao inarukaruka, kwenye kitambaa inatulia upesi. Basi wote rushieni mahali pamoja, juu ya kitu kimoja. Ya 7 ni vivyo hivyo, ila ncha zake ni pembetano. Za 14 na 16 sina shaka nazo, kila upande ni kama tiara na zote zinalingana.

Ukiitilia shaka ya 7, rusha ya 14, ikizidi 7 toa 7. Badala ya 5, rusha ya pande 10, gawa kwa mbili, nusu ihesabu kuwa moja.

Rangi ya namba kwenye hii ya 30 imefifia, nimelazimika kuijazia kwa wino mweupe. Lakini mnaocheza mchezo huu, nunueni. Wa Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa kuigiza wahusika, seti ya kawaida inawatosha.

Haya, nairusha ya 7 mbele yenu… Nne! Upanga wa adui huo, chini.