Miezi minne ya tiba ya viungo na tiba ya shughuli mjini Nakuru: uzoefu wangu baada ya kuvunjika mkono na mguu

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Nakuru, na kwa miaka 19 riziki yangu imetegemea viungo viwili: mkono wa kulia unaoshika mkasi na kuongoza kitambaa, na mguu unaokanyaga. Mwezi wa Februari mwaka 2025 bodaboda niliyokuwa nimepanda iliteleza nikielekea Lanet, nikaangukia upande wa kulia, na vyote viwili vikavunjika siku moja, mkono karibu kabisa na kifundo na mguu kwenye mfupa wa nje wa kifundo. Nilikaa na plasta wiki sita. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye plasta yake imetolewa juzi, amepewa karatasi ya kumpeleka kwenye tiba ya viungo, na hajui anakwenda kufanyiwa nini.

Jambo la kwanza ambalo ningependa kuambiwa ni jinsi kiungo kinavyotoka ndani ya plasta. Nilidhani nitavua plasta na kurudi kazini wiki hiyo hiyo. Badala yake niliuona mkono uliokonda, ngozi ikibanduka kama magamba, vidole vimevimba hata pete ya ndoa haingii, na kifundo kilichokataa kukunjika mbele wala nyuma. Pale nilipotolewa plasta niliambiwa kwamba mkono utalegea wenyewe nikianza kuutumia, nikaenda nyumbani na kusubiri wiki tatu. Haukulegea. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alinisihi niende kwa mzee mmoja anayekanda mifupa kwa mafuta ya moto, kwa kuwa alimsaidia yeye alipoteguka miaka mingi iliyopita. Sikwenda, na baadaye nilielezwa sababu ya kushukuru: kiungo kilichotoka kuvunjika na ambacho bado kimevimba, kikivutwa kwa nguvu, huvimba zaidi na kuuma zaidi, kisha hukaza kuliko mwanzo.

Mahali pa kwanza nilipokwenda sitapataja. Kila nilipofika nililazwa kitandani, nikawekewa kifurushi cha moto mkononi na mashine ya umeme mguuni kwa dakika 20, kisha nikaonyeshwa kaunta ya kulipia shilingi 1,200. Nilikwenda mara tatu. Hakuna aliyeukunja mkono wangu, hakuna aliyenipima, wala hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani. Sisemi joto halina faida, maana hadi leo ninalitumia kabla ya mazoezi na linasaidia misuli kulegea, lakini joto ni maandalizi tu. Ikiwa umekwenda mara mbili na hujafanya zoezi lolote kwa nguvu zako mwenyewe, wala hujapewa la kufanya nyumbani, uliza kwa nini, na usiporidhika na jibu tafuta mahali pengine. Mimi nilichelewa kuuliza, na kiungo kilichokaza hakimsubiri mtu.

Kituo cha pili, ambacho ndicho ninachokitolea maoni hapa, ni cha binafsi na kiko katikati ya mji. Siku ya kwanza ilichukua zaidi ya saa moja na karibu yote ilikuwa maswali na vipimo. Nilishauriwa mapema nije na picha za eksirei, orodha ya dawa ninazotumia, blauzi ya mikono mifupi na suruali laini inayoweza kukunjwa hadi gotini. Mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mpole niliyekuwa namwita daktari kama tunavyowaita wote wenye koti jeupe hadi aliponirekebisha, alianza na upande wangu ambao haukuumia. Alisema mkono wa kushoto ndio utakaotuonyesha mkono wangu ulivyokuwa. Alitumia kifaa kinachofanana na rula mbili zilizofungwa kwa msumari mmoja, akakiweka kwenye kifundo na kusoma nyuzi: mkono wa kushoto ulipanda nyuzi 70, wa kulia 20 tu. Kisha nikaminya mpini wenye kipimo cha kilo, nikapata 24 kushoto na 6 kulia. Nguvu za mguu alizipa alama kati ya 0 na 5, akaniuliza maumivu yangu ni mangapi kati ya 0 na 10, akanitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Yote aliyaandika, na kila baada ya wiki tatu aliyapima upya mbele yangu. Namba zile zilinisaidia kuliko maneno yoyote ya kutiwa moyo, kwa sababu zipo siku ambazo mtu huona hakuna kinachobadilika, kumbe nyuzi 20 zimekuwa 35.

Baada ya vipimo aliniambia kwamba mguu utabaki kwake, lakini mkono utahamia chumba cha pili, kwa mtaalamu wa tiba ya shughuli. Mlangoni pameandikwa OT, kifupi cha Kiingereza cha tiba hiyo. Ninakiri kwamba nilitaka kukataa. Nilipochungulia ndani niliona vikombe, bomba la maji lililofungwa ukutani bila maji, vibanio vya nguo, vifungo vilivyoshonwa kwenye ubao, na mama aliyempakata mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifundishwa kushika kijiko, na nikafikiri nimeletwa mahali pa watoto. Ninawaomba wengine wasifikiri hivyo. Kwa jinsi nilivyoelewa, tiba ya viungo hushughulikia mwendo wenyewe, yaani kukunja, kunyoosha, nguvu, usawa wa mwili na kutembea, na tiba ya shughuli huanzia kwenye mambo ambayo mtu anahitaji kufanya tangu anapoamka hadi anapolala, kisha hutafuta njia ya kumrudisha huko. Kazi zao huingiliana, na kwa mtu aliyevunjika mkono au aliyepatwa na kiharusi ni kawaida kuhitaji zote mbili.

Mtaalamu wa chumba hicho, dada ambaye kwa umri angekuwa binti yangu, alinikaribisha kiti na kuniuliza, "Mama, siku yako ya kawaida huanzaje?" Nilimweleza: kuwasha jiko, kufunga vifungo vya sare ya mtoto wa mwisho, kusonga ugali, kufungua kufuli ya kibanda, halafu mkasi hadi jioni. Hakunikatiza. Aliandika kila kitu, kisha akaniuliza ni kipi kinachoniuma zaidi kukikosa, na nilipojibu kwamba ni mkasi alisema siku inayofuata nije nao.

Kuna jambo moja la siku hiyo ya pili ambalo sijalisahau. Aliona kwamba usiku ninalala nimeukunja mkono, akasema nitahitaji banzi, yaani kishikizo kigumu cha mkono, la kuvaa wakati wa kulala. Alilaza mkono wangu juu ya karatasi, akauchora ukingoni kwa penseli, akaweka alama kwenye kifundo na chini ya kila kidole, akaongeza nafasi kidogo pembeni, akaikata ile karatasi na kunipimisha kabla ya kugusa plastiki. Nilikuwa nikitazama kazi yangu mwenyewe, maana hivyo ndivyo ninavyokata patani ya gauni. Kisha akaikata bapa ya plastiki kwa kuifuata karatasi, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto hadi ikalainika kama chapati mbichi, akaikausha kwa taulo na kuikandika taratibu chini ya mkono wangu hadi ikapoa na kushika umbo. Ilikuwa na joto la kustahimilika. Aliniuliza mara tatu kama kuna mahali panaponibana, na alipoona alama nyekundu chini ya kidole gumba akapasha moto ukingo huo na kuupanua. Banzi hilo lilinigharimu shilingi 3,500 ambazo sikuwa nimeambiwa mapema, na hilo ni la kulaumu, lakini lilifanya kazi.

Kuhusu maumivu, nitasema ukweli: yapo. Mazoezi ya kukunja kifundo yaliniliza machozi wiki mbili za mwanzo. Lakini nilifundishwa kuyapima kwa saa na si kwa ukali wake wakati wa zoezi. Maumivu yanayotulia baada ya saa moja au mbili yanakubalika, na mkono unaoamka asubuhi ukiwa umevimba kuliko jana unakuambia ulipitiliza, hivyo punguza lakini usiache. Uvimbe wenyewe niliupunguza kwa kuinua mkono juu ya usawa wa moyo na kufumba na kufumbua ngumi. Ganzi isiyoisha, kidole kinachobadilika rangi, au shavu la mguu linalovimba na kuuma ghafla si mambo ya kuvumilia hadi miadi ijayo. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Watu wengi huhesabu siku walizokwenda kituoni. Mimi nilikwenda mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara, na zilizobaki zote zilikuwa za nyumbani. Nilipewa mazoezi manne tu ya mkono, kila moja mara 10, mara tano kwa siku, na daftari la kutia alama. Vibanio vya nguo vilikuwa vyangu vya kamba ya kuanikia: kubana na kubandua kimoja kimoja, kwanza kwa kidole gumba na cha shahada, kisha gumba na cha kati. Udongo wa kufinyanga niliunda kwa unga wa ngano, maji na chumvi. Kwa mguu, nilikaa sakafuni nikapitisha leso chini ya wayo na kuivuta kuelekea kwangu, nikasimama nimeshika meza ya cherehani na kuinua visigino, na baadaye nikasimama kwa mguu mmoja. Mwezi wa Julai, baridi ya Nakuru ya alfajiri ilinirudisha nyuma kila siku, hadi nikajifunza kuoga maji ya moto kwanza na kufanya mazoezi baadaye.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, nami nilidhani nitakatazwa kuigusa. Kumbe mtaalamu wa mguu aliifanya kuwa zoezi. Aliniambia nitoe uzi na sindano, niuvue mkanda ili gurudumu la juu la mashine lisizunguke, na nikanyage kanyagio tupu kwa dakika tano, kisigino kikishuka na vidole vikipanda. Siku niliyorudisha mkanda na kusikia mashine ikilia, watoto walitoka nje kutazama.

Upande wa fedha, nililipa shilingi 1,500 kwa kila kipindi. Kabla hujaanza, uliza kituo kama kina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, au na bima nyingine uliyo nayo, na ni vipindi vingapi vinavyogharimiwa, kwa sababu vipindi viwili kwa wiki ni mzigo kwa mtu ambaye hafanyi kazi. Uliza pia leseni. Wataalamu wa tiba ya viungo wana baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na wale wa tiba ya shughuli wana sheria yao ya mwaka 2017, kwa hivyo si utovu wa adabu kuomba kuona cheti. Mimi nilipouliza nilionyeshwa ukutani.

Lawama yangu kubwa ni ngazi. Kituo kiko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Wiki za kwanza mwanangu alinishika kiunoni kunipandisha, na nimemwona mzee aliyepatwa na kiharusi akibebwa na vijana wawili huku akiomba radhi kwa kila anayepishana naye. Nimelisema hili kwa wenye kituo na ninalisema tena hapa, kwa kuwa wanaofuata huduma hii ndio hasa wasioweza kupanda. Kasoro nyingine ni kusubiri. Miadi ya saa nne mara nyingi huanza saa tano kasoro. Kwa wataalamu wenyewe sina neno baya, na kama ni alama ningewapa nne kwa tano.

Leo mkono wangu unapanda nyuzi 60 na unaminya kilo 19. Ninakata vitambaa vyepesi, lakini jinzi bado ninamwachia kijana ninayemfundisha kazi. Ninatembea bila kuchechemea, isipokuwa jioni nikiwa nimesimama kutwa. Jumatatu ijayo nina miadi ya mkono ambayo huenda ikawa ya mwisho, na dada wa tiba ya shughuli ameniambia nisije na mkasi safari hii, nije na shati la sare lisilo na vifungo, sindano na uzi, ili nishone tundu moja la kifungo kwa mkono akitazama. Shati limeshakunjwa, liko kwenye mkoba.