Marekani au Ujerumani: kipato zaidi au muda zaidi?
Mfanyakazi wa Marekani hufanya kazi kwa wastani wa saa 1,800 hivi kwa mwaka. Wa Ujerumani, takriban 1,340. Pengo hilo ni zaidi ya wiki 11 za saa 40! Mmarekani kwa kawaida ana kipato kikubwa na nyumba pana zaidi, lakini sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri wa kampuni binafsi kumpa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ujerumani, anayefanya kazi siku 5 kwa wiki ana haki ya siku zisizopungua 20. Kweli, wastani wa Wajerumani unashushwa na wengi wanaofanya kazi nusu siku, hasa wanawake. Bado, kwa mzazi mwenye watoto wadogo, mimi ningechagua Ujerumani bila kusita. Mwenye deni la masomo atapiga hesabu nyingine.